Ngisi Mkubwa, na Sababu Hayumo katika Ziwa Letu



Nimeomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu kwa sababu nina deni. Deni lenyewe nililichukua mchana kweupe, mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, nami sina budi kulilipa mahali ambapo wote watasoma.

Tulikuwa katika somo la wanyama wasio na uti wa mgongo. Nilikuwa nimekwisha kueleza habari za konokono na kombe na pweza, nikafika kwa ngisi, nikamtaja ngisi mkubwa wa vilindini. Kijana mmoja wa Gatete, ambaye baba yake huvua ndagala, akainua mkono. "Mwalimu, je, huyo ngisi mkubwa hawezi kuwamo katika Tanganyika?" Nami nikajibu upesi, kama ajibuvyo mtu anayengoja kengele: "Hawezi. Ziwa letu halina kina cha kumtosha."

Yule kijana hakukaa chini. Akasema kwa adabu kabisa, "Samahani, Mwalimu. Juma lililopita katika jiografia tuliandika kwamba kina cha ziwa ni mita 1,470. Nawe Mwalimu umetuambia sasa hivi kwamba ngisi huyo hukaa baina ya mita 300 na mita 1,000. Basi hata akishuka mpaka mwisho wake, zinabaki mita 470." Darasa likacheka. Kengele ikalia, nami nikatoka na chaki mkononi.

Kusema kwamba hayumo, nilisema kweli. Sababu niliyoitoa ndiyo iliyokuwa ya uongo. Na katika elimu ya viumbe, jibu la kweli lenye sababu ya uongo ni jibu baya kuliko kunyamaza, kwa kuwa mwanafunzi hulichukua akaenda nalo nyumbani. Basi nilirudi vitabuni, nikaenda na mwaloni Rumonge kuuliza wavuvi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Wataalamu humwita Architeuthis dux. Jina la kwanza alipewa na Steenstrup, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1857, naye hakuwa amemwona mnyama mzima. Alikuwa na mdomo wake na vipande tu. Wengi kati yetu hatujamwona hata ngisi mdogo, kwa kuwa pwani i mbali: reli peke yake, toka Kigoma mpaka Dar es Salaam, ni kilometa 1,250 hivi. Lakini watu wa Unguja, Mombasa na Kilwa wamjua sana, humvua, humpika kwa nazi, na wino wake huwachafua vidole. Huyu mkubwa ni wa ukoo ule ule: mwili wake ni kama mfuko, mbele yake pana kichwa chenye macho mawili, na kichwani imeota mikono minane. Kisha ana minyiri miwili mirefu zaidi, ambayo nchani imejaa vikombe vya kunyonyea, na kila kikombe kina duara la meno madogo. Kwa minyiri hiyo hukamata samaki au ngisi mwingine toka mbali, akamvuta mpaka kwenye mikono, na mikono ikampeleka mdomoni. Mdomo ni mgumu, umepindika kama wa kasuku.

Nilipowaambia wanafunzi urefu wake hawakuuelewa, basi siku ya pili tulitoka uwanjani na kamba. Jike mkubwa hufika mita 12 hivi, dume hufika 10. Tulinyosha kamba ya mita 12 juu ya majani, nikawaambia vijana walale mmoja nyuma ya mwenziwe, kichwa kwa miguu. Walitosha saba. Kisha nikakata fimbo ya mita 2 nikaiweka kando ya kamba: huo ndio urefu wa mwili wenyewe, yaani ule mfuko. Kijana mmoja na kidogo tu! Kinachobaki karibu chote ni mikono na minyiri. Kwa uzito, jike mkubwa apata kilo 275, ambazo ni chini ya uzito wa ng'ombe mzuri wa Bururi.

Vitabu vya zamani vilitaja mita 18 na zaidi. Minyiri yake hunyoshwa kama mpira, na mtu aliyemkuta mmoja amekufa ufukweni huweza kuivuta mpaka apate hesabu aipendayo. Nasi tusiwacheke watu hao. Tuna Gustave, yule mamba wa Ruzizi na pwani ya kaskazini ya ziwa letu, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatia miaka mingi na kumtegea mtego wa chuma asimpate. Hakuna aliyempima kwa kamba. Lakini kila nilipoisikia habari yake mwaloni, amezidi mita moja.

Jicho la ngisi mkubwa lina kipenyo cha sentimita 27. Tulichukua mpira wa miguu wa shule tukaupima, ukawa sentimita 22. Basi fikiri jicho linalouzidi mpira, na mboni yake peke yake ina sentimita 9. Kwa nini jicho kubwa hivyo mahali pasipo na mwanga? Mwaka 2012 wataalamu waliokuwa pamoja na Nilsson, wa Sweden, walifanya hesabu ya jambo hili. Adui mkubwa wa ngisi ni nyangumi mwenye meno, yule mwenye kichwa kikubwa kama gogo. Nyangumi akipita gizani hugusa vidudu vidogo vingi, na vidudu hivyo vikiguswa hutoa mwanga hafifu wa buluu. Jicho dogo haliwezi kuuona mwanga huo toka mbali. Jicho la sentimita 27 laweza kuuona umbali wa mita 120 hivi, na mita 120 ni nafasi ya kukimbia. Vita hivi hakuna mtu aliyeviona, ila alama zake tunazo: midomo ya ngisi hupatikana kwa wingi katika tumbo la nyangumi, na juu ya ngozi ya nyangumi huonekana makovu ya mviringo ya vile vikombe vyenye meno.

Ndani ya mwili mna mambo ya ajabu zaidi, nami hapa naomba mniwie radhi nikikawia. Ana mioyo mitatu: mmoja wa mwili mzima, na miwili ya kusukuma damu katika matamvua. Damu yake si nyekundu. Yetu ina chuma, ndicho kinachobeba oksijeni na kuifanya nyekundu. Yake ina shaba, nayo ikipata hewa huwa buluu. Ubongo wake umezunguka kama pete, na umio hupita katikati ya pete hiyo, hata chakula lazima kikatwekatwe vipande vidogo kabla ya kumezwa, kisije kikaubana ubongo. (Waambieni hayo wadogo zenu wanaomeza tonge bila kutafuna.) Nyama yake imejaa maji yenye chumvi ya amonia, iliyo nyepesi kuliko maji ya bahari, ndiyo inayomwezesha kuelea vilindini bila kuogelea mchana na usiku. Kwa sababu hiyo hiyo haliwi. Waliomwonja wasema ni mchungu. Hivyo mvuvi wa Rumonge asisikitike sana kumkosa.

Ajabu kubwa kupita zote ni kwamba jamaa zake wamo humu humu mwetu. Ngisi, pweza, kombe na konokono ni kabila moja la wanyama, wale wenye mwili mwororo. Zamani sana wazee wa ngisi walikuwa na gamba la nje kama konokono; ngisi wa leo amelificha ndani ya mgongo, limebaki jembamba, laini, lenye umbo la unyoya. Nenda ufukweni ukaokote gamba la konokono mkubwa wa ziwa letu, yule wataalamu wamwitaye Neothauma, ambaye hayuko penginepo duniani ila Tanganyika; samaki wadogo wa ziwa huyafanya magamba yake matupu nyumba zao. Ukilishika gamba hilo, umeshika kitu cha binamu wa ngisi mkubwa.

Na watu walimjuaje, ikiwa anakaa gizani? Kwa muda mrefu walimjua kwa maiti. Mwezi wa Novemba 1861 meli ya Kifaransa, Alecton, ilimkuta mmoja akielea karibu na visiwa vya Kanari. Mabaharia wakamfunga kamba wampandishe, kamba ikamkata, wakabaki na kipande cha mkia. Mwaka 1873 huko Newfoundland wavuvi wa samaki wadogo walimnasa mmoja katika wavu. Kasisi mmoja, Moses Harvey, akamnunua, akaitundika mikono yake juu ya chuma cha bafuni kwake, akampigia picha. Mara nyingi alionekana Norway, Japani, New Zealand na Afrika ya Kusini. Katika bahari za joto huonekana kwa nadra, na neno hili mliweke akilini, litatufaa mbele.

Lakini hai, kilindini kwake, hakuna aliyemwona mpaka tarehe 30 Septemba 2004. Wajapani wawili, Kubodera na Mori, walishusha ndoana yenye chambo pamoja na kamera mpaka mita 900, karibu na visiwa vya Ogasawara. Walichagua mahali hapo kwa kuwa nyangumi wenye meno hukusanyika huko, nao walifikiri: alipo mlaji, chakula kipo. Ngisi akaja, akakamata chambo, mnyiri wake mmoja ukanaswa. Alipigana zaidi ya saa nne. Mwisho mnyiri ukakatika, yeye akaenda zake. Mnyiri ulipopandishwa juu, kile kipande kilikuwa mita 5 na nusu, na vikombe vyake vilikuwa bado vikishika vidole vya watu. Picha zilizopatikana zilipita mia tano.

Mwaka 2012, mahali kule kule, Kubodera alikwenda tena, safari hii pamoja na Steve O'Shea wa New Zealand na bibi mmoja Mmarekani, Edith Widder. Bibi huyu ndiye ninayemsifu. Alikuwa amefikiri jambo ambalo baba yake kijana wa Gatete angelielewa mara moja, ila kwa kinyume. Wavuvi wetu hutoka usiku usio na mbalamwezi na taa kali. Zamani mioto ya kuni, kisha karabai, siku hizi taa za betri na za jua. Ndagala huufuata mwanga, mukeke huwafuata ndagala, na wavu hungoja chini. Tunawaita kwa mwanga. Wataalamu wa bahari nao walikuwa wakishuka na taa kali, lakini wao walitaka kuona, hawakutaka kuita. Na mnyama mwenye jicho linalopita mpira wa miguu hukimbia taa kama hizo. Edith Widder akatumia taa nyekundu hafifu, rangi ambayo wanyama wengi wa kilindini hawaioni, akatengeneza na mdoli wa konyeza, yule mnyama wa bahari aliye kama ute, mwenye vitaa vya buluu vinavyozunguka. Konyeza wa kweli akishambuliwa huwaka hivyo, kana kwamba anapiga yowe ili aje mkubwa ammeze adui yake. Ngisi akaja. Mwaka 2019 yeye na wenziwe walifanya vivyo hivyo katika Ghuba ya Mexico, kamera ikiwa mita 759 chini, ngisi akaja tena.

Basi turudi kwetu. Kina tunacho. Kwa ukweli zile mita 1,470 ziko upande wa kusini wa ziwa; bonde la kaskazini, ambalo ndilo letu, lina mita 1,310 hivi. Hata hizo zamtosha. Kwa nini hayumo?

Sababu ya kwanza ni chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Ya Tanganyika yana gramu 0.6 hivi. Ngisi na pweza wote, wakubwa kwa wadogo, damu yao ina chumvi kiasi cha bahari. Ukimtia ngisi katika maji yetu, maji yataingia mwilini mwake kupitia ngozi na matamvua kwa nguvu kubwa, naye hana njia ya kuyatoa upesi; seli zake zitavimba atakufa. Tulilionyesha jambo hilo darasani kwa zabibu kavu katika glasi ya maji: asubuhi zilikuwa zimevimba zote. Konokono na kombe, jamaa zake, walijifunza njia hiyo zamani za kale, ndiyo maana wameingia mitoni na maziwani. Katika ngisi na pweza, hata aina moja haijaweza, si hapa wala popote duniani.

Hapo yule kijana akauliza tena (sasa nilikuwa nikimngoja): "Mwalimu, na kama angezoea chumvi kidogo, kidogo, kwa miaka mingi?" Nikamwambia, tumpe. Tufanye amezoea. Tumwache ashuke.

Akishuka, kufikia mita 100 hivi kwetu kaskazini, oksijeni imekwisha. Kusini huendelea mpaka karibu mita 200. Chini ya hapo, mpaka sakafuni, hakuna. Maji yale yana gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai lililooza, na huko huishi vijidudu tu visivyohitaji hewa. Ziwa letu lingekuwa nyumba ya orofa kumi na tatu, samaki wote, ndagala, mukeke, sangala na kuhe, wangebanana katika orofa ya juu kabisa, na zile kumi na mbili za chini zingekuwa tupu. Nilikuwa nimesoma hayo, lakini nilitaka kuyasikia kwa mtu anayetia mkono majini. Mzee mmoja wa mwalo wa Rumonge, aliyeanza kuvua kabla mimi sijazaliwa, nilimsalimu nikamwuliza, "Mzee, mbona hamshushi nyavu zaidi?" Akanitazama kama unavyomtazama mtoto. "Mwalimu, nishushe nikavue nini? Huko chini maji yamekufa." Vitabu vinatumia kurasa nyingi kusema neno hilo.

Kwa nini yamekufa? Oksijeni huingia majini toka juu, kwa upepo na kwa mimea midogo inayoelea penye mwanga. Ili ifike chini, lazima maji ya juu yashuke. Katika bahari yako maji ya nchi za barafu, baridi sana na mazito, ambayo huzama na kutambaa chini mpaka huku kwetu kwenye joto, yakichukua oksijeni. Kwa hiyo ngisi mkubwa aweza kuvuta pumzi penye giza la mita 900. Tanganyika haina barafu ya kuipelekea maji hayo. Maji yake ya juu ni ya joto na mepesi, yamekaa juu ya yale mazito kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi, nayo hayachanganyiki ila kidogo. Wakati wa kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, pepo za kusini huyasukuma maji ya juu kuja kwetu kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda kidogo kujaza nafasi, yakileta mbolea kwa mimea midogo. Chakula cha ndagala hutegemea sana mchanganyiko huo.

Sababu ya tatu ni joto, na hapa Kiswahili chetu kilinitia taabu. Maji yasiyo ya chumvi twayaita maji baridi. Nilipoandika ubaoni "Tanganyika ni ziwa la maji baridi", kijana mwingine akacheka, akisema yeye huoga humo kila siku na hayana baridi. Kweli. Juu huwa digrii 24 mpaka 28, na hata ukishuka mpaka sakafuni ni digrii 23 na kitu. Baharini, mita 1,000 chini, hata katika nchi za joto, utakuta digrii 5 hivi. Sasa ikumbukeni ile damu ya shaba. Katika baridi hushika oksijeni vizuri; joto likizidi, uwezo wake wa kuishika hupungua sana. Ngisi mkubwa akichukuliwa na mkondo wa maji ya joto hukosa pumzi, hupanda juu, hufa akielea. Pengine wengi wa wale waliookotwa walikufa hivyo, na ndiyo maana katika bahari za joto haonekani mara nyingi. Katika Tanganyika asingepata hata pembe moja ya baridi ya kumpokea.

Nilipomrudia yule Mzee kumshukuru, yeye naye alikuwa na swali. Toka utoto aliambiwa kwamba ziwa halina mwisho, na kwamba chini kwa chini linatokea baharini. Ni kweli au si kweli? Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba bwana mmoja msomi aliwahi kusema jambo linalofanana na hilo mbele ya dunia nzima. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona katika Tanganyika konyeza mdogo, mviringo, mwangavu, wa sentimita mbili hivi. Wasomi walishangaa, kwa kuwa konyeza walimjua kuwa mnyama wa bahari. Mwingereza J. E. S. Moore akafanya safari mbili, ya kwanza 1895 mpaka 1897, ya pili 1899 mpaka 1900. Akamwona konyeza, akaona na konokono wenye magamba mazito yenye nundu kama ya pwani, akakata shauri kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale sana, iliyofungiwa bara. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1903. Laiti angesema kweli! Mahali penye konyeza wa bahari na konokono wa bahari, nani angetuzuia kumtafuta ngisi?

Lakini hakusema kweli. Konyeza wa maji baridi wamepatikana katika mito na maziwa mengine ya Afrika, na wengine katika mabwawa ya nchi nyingi. Konokono wetu wana magamba mazito kwa sababu ya kaa wa ziwa, ambao huyavunja magamba membamba. Waliookoka ni wenye nyumba ngumu, na kwa vizazi vingi wakafanana na wale wa pwani, ambao nao wana kaa wao. Tanganyika ilizaliwa ardhi ilipopasuka na kudidimia, miaka milioni 9 mpaka 12 iliyopita, na bahari aliyoifikiri Moore ni ya zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Nilimweleza Mzee hayo yote. Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Na Lukuga?" Hapo alinishika. Mto Lukuga hutoka ziwani upande wa Kongo, huingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo, nayo humwagika katika bahari ya Atlantiki. Maji mengi ya ziwa hupotea angani kwa jua, lakini sehemu ndogo kweli hufika baharini. Kwa hiyo wazee walisema kweli juu ya kufika. Njia tu ndiyo iliyo juu ya ardhi.

Jambo moja limenikaa moyoni tangu nilipoanza kazi hii, nalo si la ngisi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenziwe walichapa katika jarida la Nature hesabu zao juu ya ziwa letu. Waliona kwamba maji yameongezeka joto katika karne ya ishirini, pepo zimepungua nguvu, basi tabaka la juu limezidi kuwa jepesi na kuchanganyika na lile la chini kumezidi kuwa kugumu. Mimea midogo inayolisha ziwa, kwa hesabu yao, ilipungua kwa asilimia 20 hivi, na hiyo yaweza kuwa na maana ya samaki pungufu kwa asilimia 30. Ile orofa moja ya juu inazidi kuwa nyembamba. Nilipoyasema haya darasani hakuna aliyecheka. Kijana wa Gatete aliandika zile tarakimu mbili katika daftari, akaniomba nimwandikie na jina la jarida, amwonyeshe baba yake, ambaye siku hizi, alisema, hukesha usiku mzima akarudi na nusu ya karai.

Nikamwandikia. Baada ya siku tatu akaleta jibu la baba yake: ati, watu wa vitabu wamehesabu joto, je, wamehesabu na nyavu zenye macho madogo na wingi wa mitumbwi? Nimepeleka maneno hayo kwa mwalimu wa jiografia, naye ameahidi kuyajibu katika toleo lijalo.

Sasa lipo ombi. Kabati letu la viumbe lina nyoka wawili, kuhe mmoja, kaa wa ziwa, na chupa ya konokono; ngisi hatuna, na wanafunzi wote huniamini kwa maneno tu, nanyi mmeona jinsi maneno yangu yalivyo. Kama kuna mwanafunzi wa zamani aliyeko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, atununulie ngisi mmoja sokoni, mdogo, wa urefu wa kiganja, mzima na kichwa chake, asiyepasuliwa. Amtie katika chupa ya kioo yenye spiriti mpaka juu, afunge kifuniko kwa nta, amkabidhi mtu anayekuja Kigoma kwa reli. Toka Kigoma tutampata. Gharama tutarudisha. Tafadhali asilete pweza, kwa kuwa pweza hana lile gamba la unyoya mgongoni, nami nimekwisha kuwaahidi wanafunzi kwamba tutampasua mbele yao na kulitoa.